Anwani Moja ya Mtaa Mzima

Saa mbili kasorobo asubuhi, kamba bado imekazwa barabarani.

Ni kamba ya katani tu, imefungwa kati ya mapipa mawili yaliyojazwa mchanga, lakini nyuma yake magari kumi na sita yamezima injini. Askari waliotoka kulipopambazuka kwenda kukagua njia hawajarudi. Mpaka warudi waseme ni salama, hakuna gari litakalotoka Rumonge kwenda Bujumbura.

Mwasiti Feruzi wala haiangalii kamba. Amekaa kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, faili la kijani mapajani, anapekua karatasi kwa kidole gumba. Ni nakala za barua kumi na moja alizoliandikia shirika moja la ndege tangu mwezi Machi. Hakuna hata moja iliyojibiwa na mtu mwenye jina.

Kando yake amekaa Mama Kabibi binti Abasi, mjane wa miaka sitini na saba, mwanika ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, tangu usichana wake. Amevaa kanga mpya ambazo bado zina harufu ya duka. Ana sanduku moja, furushi la kitambaa cheupe, na pasipoti aliyoishika kwa mikono miwili. Ndani ya pasipoti mna viza ya Norway. Leo ni Alhamisi, na viza hiyo inakwisha Jumapili.

"Ikipita Jumapili tunaanza upya," anasema Mwasiti. "Na hii ilichukua miaka tatu. Angalia huyu mama. Iko na miaka tatu ingine ya kungoja?"

"Usinizike, mwanangu," anajibu Mama Kabibi. "Niko hapa, nasikia."

Mwasiti ana miaka arobaini na moja na ni mwandishi wa barua. Kazi hiyo ameirithi, pamoja na taipureta, kwa marehemu baba yake, mzee Feruzi, aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha mawese. Meza yake iko nyuma ya soko la Rumonge, karibu na mafundi cherehani. Barua ya ukurasa mmoja ni faranga mia tano. Siku nzuri anaandika nane.

Vita vilipoanza mwaka 1993, na watu wakavuka ziwa usiku na mchana kukimbilia kambi za Kigoma, kazi yake iliongezeka kwa namna ambayo hakuitaka. Mama anamtafuta mtoto, mke anamtafuta mume. Barua zilivuka kwa maboti ya mizigo, na majibu yalirudi kwenye sanduku moja la posta: sanduku la msikiti. Waislamu walilitumia, Wakongo wanaosali kanisani walilitumia, na hata watu wa Bugarama, ambao msikiti wenyewe hawaujui, walilitumia. Jina la mpokeaji liliandikwa juu, namba ya sanduku chini, na barua ikafika.

"Sanduku ilikuwa moja, watu elfu," anasema Mwasiti. "Na hapana barua ilipotea."

Kwa hiyo vibanda vya intaneti vilipofunguliwa Bujumbura, yeye alifanya kile ambacho mtu yeyote wa mtaa wake angefanya. Alifungua anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya mtaa mzima. Mara mbili kwa wiki hupanda gari hadi mjini, kilomita sabini na kitu, anachapisha barua za watu wote, anarudi nazo na kuzigawa.

Watoto waliochukuliwa kutoka kambini kwenda Ulaya na Amerika walipoanza kuwakatia wazee wao tiketi za ndege kwenye kompyuta, nao walijaza anwani hiyohiyo. Pale palipoandikwa simu ya abiria, walijaza namba ya Mwasiti. Naye akawa anafuatilia safari, anachapisha tiketi, anamweleza mzee saa ya kuondoka na kwamba kisu hakipandi ndege. Kwa kila msafiri alipata faranga elfu tatu. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda sawasawa.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2005, shirika hilo lilibadilisha mashine zake.

Gazeti hili linaliacha bila jina, si kwa kuliogopa, bali kwa sababu tumelipelekea maswali na bado tunasubiri majibu. Nasi tulipewa namba ya foleni. Ni namba ya tarakimu tisa, na chini yake tulishukuriwa kwa uvumilivu ambao hatukuwa tumeuahidi.

Mashine mpya iliona abiria kumi na watano wenye anwani moja na simu moja. Kwa akili yake, hao hawakuwa watu kumi na watano. Alikuwa ni mtu mmoja, tena tapeli, aliyejikatia tiketi mara kumi na tano. Ikamwachia nafasi ya kwanza, ikafuta kumi na nne. Wa kumi na nne ni Mama Kabibi.

Taarifa ilikuja kwa Kifaransa: nafasi zinazojirudia zimeondolewa kwa ajili ya kuboresha huduma. Chini iliandikwa kwamba ujumbe umetumwa na mashine na haupaswi kujibiwa.

Mwasiti akajibu.

"Nilisoma vizuri kabisa, Kifaransa najua," anasema, na sauti inaanza kupanda. "Lakini mutu akikuandikia, unamujibu. Ukinyamaza ni kumugeuzia mugongo. Baba alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha taipureta."

Aliwaandikia kwa adabu zote. Aliwasalimu, akawauliza hali, akaorodhesha majina kumi na manne, tarehe za kuzaliwa na namba za pasipoti, akaeleza habari ya sanduku la msikiti. Baada ya sekunde moja akapata jibu: ujumbe umetumwa na mashine. Akajibu tena. Hivyo mara kumi na moja.

Alipiga simu pia. Namba ni ya nje ya nchi, na simu ya nje, kwa mtu anayeishi kwa barua za mia tano, ni jambo la kufikiria mara mbili. Alisikiliza muziki dakika kumi na tisa. Kila baada ya muda sauti ya mwanamke ilimwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao. Kisha ikakatika.

"Kama niko muhimu, shika simu!" anasema.

Mwathirika wa kwanza alikuwa Lukeba Mushagalusa, mvuvi kutoka Kivu Kusini aliyeishi Rumonge miaka kumi na minane. Alikuwa aende Nairobi kumwoza binti yake. Alifika uwanja wa ndege na suti ya kuazima, akaambiwa hayumo. Binti aliolewa baba yake akiwa amekaa kwenye ukingo wa maua nje ya uwanja.

"Walinionyesha jina kwenye karatasi yangu, wakaniambia hii jina haiko," Lukeba alimsimulia mwandishi wa simulizi hii. "Mimi ndiye nimeshika karatasi. Mimi ndiye niko mbele yao. Sasa nani haiko?"

Saa tatu na robo askari wanarudi, kamba inaanguka, magari yanawaka. Njia inapita Gitaza, ambako ndagala zimeanikwa hadi ukingoni mwa lami, halafu Kabezi, ambako madereva huacha kuongea na kukaza miguu. Wiki mbili zilizopita gari lilichomwa hapo. Abiria wanatazama vilima upande wa kulia. Mama Kabibi anatazama upande wa ziwa.

Shabani, mwanawe, alivuka ziwa hilo mwaka 1996 akiwa na miaka kumi na tisa. Kutoka kambini akapelekwa Norway, ambako sasa anapakia samaki kiwandani. Ana mke na watoto watatu. Mama Kabibi anawajua wajukuu zake kwa picha mbili, na katika zote mbili mdogo amegeuka.

Shabani amefanya yote aliyoweza. Alilipia tiketi ya Jumamosi tangu Februari. Ilipofutwa alipiga simu, akaambiwa kwamba mwenye haki ya kurekebisha ni mwenye anwani iliyosajiliwa, yaani Mwasiti. Mwasiti alipojaribu, aliambiwa kwamba anwani yake imefungiwa kwa udanganyifu. Tiketi nyingine ya wiki hii ni zaidi ya mishahara miwili ya Shabani.

Saa tano, ofisi ya shirika mjini Bujumbura. Vioo, kiyoyozi, picha ya rubani anayetabasamu. Nyuma ya kaunta yuko kijana mwenye tai nyekundu. Mwasiti anamsalimu, anafungua faili, anaeleza kwa Kifaransa safi. Inamchukua dakika nne.

"Tiketi ilinunuliwa kwenye mtandao," anasema kijana. "Sisi hapa hatushughulikii za mtandao. Nenda kwenye mtandao."

"Mtandao inasema niende kwenye biro yenu iliyo karibu. Biro iliyo karibu ni hii."

"Basi wapigie simu."

"Simu inasema niende kwenye mtandao."

Kijana anatazama kompyuta yake kana kwamba ndiyo imeongea. Anasema mkuu wa ofisi yuko mkutanoni. Warudi saa kumi jioni.

Mtu wa mjini angesema sawa, akaenda kunywa chai. Lakini saa kumi jioni ndiyo saa ambayo kamba ya Rumonge inafungwa tena, na ili kuiwahi ni lazima kuondoka saa nane. Kumwambia mtu wa Rumonge arudi saa kumi ni kumwambia alale mjini, na kijana huyo anajua, kwa kuwa kila mkazi wa Bujumbura anajua.

"Tutalala," anasema Mwasiti.

Saa kumi mkuu wa ofisi ameshaondoka. Wanalala Buyenzi kwa shangazi yake Mwasiti.

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa msomaji, maana hasira imemshika na yeye. Nchi hii ina miaka kumi na miwili vitani. Watu wamezoea kusubiri: kusubiri njia, kusubiri mchele wa msaada, kusubiri habari za maiti. Lakini askari wa pale kwenye kamba ukimuuliza anakujibu kwa mdomo wake. Anasema bado, au anasema nenda. Mwasiti mwenyewe alimtetea: "Askari anafunga njia juu ya sababu, na jioni ukimukuta atakusalimia. Hawa wa ndege wanakufungia na hawakuambii hata nani amefunga."

Ijumaa asubuhi wanarudi. Saa mbili na nusu wameshakaa kwenye viti vya ngozi. Kijana wa tai anasema mkuu anakuja. Saa tatu anasema anakuja. Saa nne kasoro anasema yumo ndani lakini ana kazi.

Kiyoyozi kinanguruma. Mama Kabibi anajikunyata ndani ya kanga, halafu anaanza kulipapasa furushi lake. Analinusa. Uso unabadilika.

"Mwanangu, hii baridi ina majimaji," anamwambia Mwasiti. "Itaniozea ndagala za wajukuu."

Mwenye kuanika ndagala miaka hamsini hangoji ushauri. Zikishika unyevu asubuhi, jioni zina ukungu, na hapo ni za kutupa. Anasimama, anatafuta jua kwa macho, analikuta linapoingia kwa dirisha kubwa la mbele. Anatandika kitambaa cheupe juu ya vigae, chini kabisa ya picha ya rubani, anapiga magoti, na kuanza kuzitandaza ndagala kwa kiganja, safu kwa safu, kichwa huku mkia kule, kama afanyavyo ufukweni kila siku ya Mungu.

Hakuwa na hila yoyote. Mwandishi alikuwa kiti cha pili, aliona. Mama aliokoa samaki wake tu.

Harufu ya ndagala zilizopata jua haihitaji maelezo kwa mtu wa mwambao. Kwetu ni harufu ya chakula na ada ya shule. Lakini ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya abiria wawili wenye mikoba ya ngozi, ilikuwa jambo jingine. Mmoja alitoa kitambaa akaziba pua. Wa pili aliuliza kwa sauti kama hapa ni ofisi ama ni soko.

Kijana wa tai alitoka nyuma ya kaunta kwa mara ya kwanza katika siku mbili.

"Mama, toa hiyo samaki hapa."

"Nitatoa nikienda kwa ndege," alisema Mama Kabibi bila kuinua kichwa. "Sasa hivi inakauka. Usipite hapo, unaweka kivuli."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mkuu wa ofisi, yule wa mikutano, akatoka. Alitazama sakafu, akatazama wenye mikoba, akazunguka kaunta na kumsogeza kijana kwa bega. Akaomba pasipoti. Akabonyeza, akabonyeza tena, akapiga simu fupi kwa mtu aliyemwita kwa jina lake la kwanza. Mashine ya kuchapishia ikalia.

Mwandishi alitazama saa yake. Zilikuwa zimepita dakika mbili na nusu.

"Kesho, saa saba mchana," alisema mkuu, akisukuma tiketi juu ya kaunta. "Sasa tafadhali, hizo samaki."

Mama Kabibi alibusu tiketi. Mwasiti hakucheka wala hakushukuru. Aliishika ile karatasi, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Kumbe iko," alisema taratibu. Kisha akasema kwa sauti iliyowafanya hata wapita njia wasimame dirishani. "Kumbe hiyo kitufe iko! Miezi tatu munaniambia mashine imekataa. Mashine haikukataa, ni nyinyi! Lukeba amekosa harusi ya mutoto wake juu ya dakika mbili! Ilikuwa mimi nilete samaki? Si mungeniandikia? Barua moja tu: Mwasiti, leta ndagala! Ningeleta gunia!"

Mkuu wa ofisi alisema kwamba hii ni hali ya pekee, imefanyika kwa moyo wa kibinadamu.

"Basi nipe moyo mara kumi na tatu," alijibu Mwasiti, akafungua faili na kuiweka orodha mbele yake. "Hawa hapa. Majina, pasipoti, yote."

Mkuu aliirudisha orodha bila kuisoma. Kila abiria aje mwenyewe, alisema, au atumie mtandao. Kisha akarudi ndani na mlango ukafungwa.

Jumamosi, saa saba na dakika ishirini, ndege iliruka juu ya ziwa. Mama Kabibi alikuwemo, furushi lake magotini baada ya kugombana na watu wawili tofauti waliotaka kuliweka chini. Mwasiti alisimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege mpaka mlio ukaisha. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa nane kasoro. Angeiwahi njia kabla ya kamba.

Leo ni Jumanne, na yuko mezani kwake nyuma ya soko. Taipureta ameisukuma pembeni. Mbele yake kuna daftari jipya na foleni ya wazee. Mwasiti ameamua kwamba kila mtu wa mtaa atakuwa na anwani yake, hata asiyejua kusoma. Kila mmoja anachagua neno lake la siri na kumnong'oneza sikioni. Wengi wanachagua majina ya samaki, naye anawakatalia: "Mukeke wameshachukua watu sita! Tafuta ingine!"

Chini ya kitanda chake kuna kompyuta kuukuu aliyoinunua mwaka jana kwa kuuza kipande cha shamba la michikichi. Inasubiri waya. Nguzo za simu zilizoangushwa vitani karibu na Gitaza zimeanza kusimamishwa moja moja, na yeye huzihesabu kila anapopita. Siku waya utakapofika, anataka kufungua chumba cha intaneti hapahapa Rumonge, ili mzee asipitishwe Kabezi kwa ajili ya kusoma barua ya mwanawe.

"Vita itaisha," anasema. "Sasa ikiisha, na hii ya ndege iendelee? Hapana."

Jana alikwenda mjini kama kawaida. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Shabani: mama amefika, ndagala zimefika, yule mdogo alilia kwanza halafu akakubali kubebwa. Mwasiti aliuchapisha ujumbe huo. Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi hakulitegemea. Aliliandikia shirika la ndege barua ya kumi na mbili, kuwajulisha kwamba msafiri wao amefika salama, maana aliyekusafirisha ni lazima apewe habari.

Jibu lilikuja baada ya sekunde moja: ujumbe huu umetumwa na mashine, tafadhali usijibu.

Mwasiti aliusoma wote hadi mwisho. Akavuta kiti mbele, akanyoosha vidole, akaandika ya kumi na tatu.

"Waheshimiwa, amahoro, amani kwenu. Murakoze, asanteni kwa jibu lenu. Wamebaki abiria kumi na watatu. Majina yao ni haya hapa chini. Itawachukua dakika mbili na nusu kila mmoja, tulipima."